Nguzo ya Ufukweni: Waingereza Walivyoisaka Peenemünde

Machi 22, 1943, katika jumba la Trent Park kaskazini mwa London, majenerali wawili wa Kijerumani walikaa wakipiga soga. Ludwig Crüwell na Wilhelm von Thoma walikuwa wametekwa Afrika Kaskazini mwaka uliotangulia, na sasa walikuwa mateka wa daraja la juu: chakula kizuri, bustani ya kutembelea, maneno ruksa. Hawakujua kwamba maikrofoni zilikuwa zimefichwa humo ndani, wala kwamba katika chumba kingine kulikuwa na watu wanaokijua Kijerumani kama lugha ya mama, vipokea sauti masikioni, wakinasa maneno yao kwenye santuri. Von Thoma alimweleza mwenzake kwamba aliwahi kupelekwa kuona majaribio ya roketi kubwa, na meja aliyeisimamia kazi ile alikuwa na matumaini tele. Kisha akapiga hesabu yake. Wao wapo jirani na London, na hawajasikia kishindo chochote. Basi lazima mradi umekwama mahali.

Kwa waliokuwa wakisikiliza, kishindo ambacho hakijasikika kilikuwa habari nzito kuliko mlipuko. Jenerali hakuwa na sababu ya kumdanganya rafiki yake. Siku chache baadaye nakala ya soga ile ilikuwa mezani kwa R. V. Jones, mwanafizikia wa miaka 31 aliyeongoza ujasusi wa kisayansi katika Wizara ya Anga ya Uingereza.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa macho makali. Ukikitazama kwa karibu, ni kisa cha watu werevu waliokuwa na jibu mkononi na bado wakahitaji zaidi ya mwaka mzima kulisoma.

Jina la Peenemünde, kituo ambako roketi hiyo ilikuwa ikijaribiwa, halikuwa geni. Novemba 1939, vita vikiwa na miezi miwili tu, ubalozi wa Uingereza mjini Oslo ulipokea kifurushi kisicho na jina la mtumaji. Ndani mlikuwa na kurasa za Kijerumani zilizopigwa taipu, pamoja na kifaa kidogo cha kioo. Kurasa zile zilitaja rada, torpedo za aina mpya, roketi, na kituo cha majaribio mahali mto Peene unapoingia katika bahari ya Baltiki. Huko London wakubwa wengi walinusa mtego: mtu mmoja angewezaje kujua mambo mengi kiasi hicho? Jones aliyaweka makaratasi yale, na kila siku ya utulivu aliyarudia kuona lipi limetimia. Mwandishi, kama Jones alivyokuja kufichua baada ya miongo kadhaa, alikuwa Hans Ferdinand Mayer, mwanasayansi wa kampuni ya Siemens aliyekuwa safarini Norway kikazi. Mwishoni mwa 1942 mkemia mmoja wa Denmark naye alileta maneno aliyoyadaka Berlin kuhusu roketi kubwa ya masafa marefu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja; lakini huwezi kutuma mamia ya ndege kwa kutegemea yasemwayo.

Ndipo zinapoingia picha. Mei 15, 1942, rubani D. W. Steventon alikuwa akipita juu ya pwani ya Baltiki katika Spitfire isiyo na bunduki hata moja, nafasi yote ikiwa imetolewa kwa mafuta na kamera. Safari yake haikuhusu roketi. Alipoona ujenzi mkubwa karibu na uwanja wa ndege kwenye ncha ya kisiwa cha Usedom, palipo Peenemünde, akawasha kamera. Picha zilifika Medmenham, kando ya mto Thames, ambako jeshi la anga lilikuwa limegeuza jumba la kifahari kuwa karakana ya kusoma picha. Constance Babington Smith, ofisa aliyesimamia kitengo cha ndege, aliona matuta ya mviringo yasiyofanana na chochote alichokijua. Hakuna aliyekuwa amemwambia atafute nini. Picha zikaenda kabatini.

Ufundi wenyewe unastahili kuelezwa, maana ndio uti wa mgongo wa kazi hii. Rubani huruka mstari mnyoofu huku kamera ikipiga kwa mpigo sawa, hivi kwamba kila picha hurudia zaidi ya nusu ya eneo la picha iliyotangulia. Msomaji huziweka picha mbili sambamba chini ya stereoskopu, kifaa cha lenzi mbili juu ya miguu ya waya, jicho la kushoto likitazama picha hii na la kulia ile. Husogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, halafu ghafla karatasi bapa inaumuka: mti unasimama, shimo linazama, tuta linainuka hadi mtu anatamani kuligusa. Kivuli nacho ni rula. Ukijua tarehe, saa na latitudo, urefu wa kivuli unakupa urefu wa kilichokitupa. Reli haina siri ya upana wake, kwa hiyo chochote kilicholala juu ya behewa kinaweza kupimwa kwa kulinganisha. Na siri kubwa kuliko zote ni kurudi: picha ya leo huwekwa kando ya picha ya mwezi uliopita, na jicho huwinda kilichobadilika.

Aprili 1943 Duncan Sandys, mkwe wa Waziri Mkuu Churchill, alikabidhiwa uchunguzi wa roketi. Ndege zikatumwa Peenemünde tena na tena. Safari hii wasomaji walijua wanatafuta roketi, na hapo likazuka tatizo jipya: walijua vibaya.

Roketi za Waingereza zilitumia baruti kavu. Wataalamu wao walikokotoa kwamba chombo cha kubeba tani za vilipuzi hadi kilomita 200 kwa baruti kavu kingekuwa na uzito wa tani 70 hivi, na kingehitaji mtambo mkubwa ajabu wa kukirusha. Kwa hiyo Medmenham waliambiwa watafute mtambo huo. Lord Cherwell, mshauri wa Churchill wa mambo ya sayansi, alikwenda mbali zaidi: kwa kuwa roketi ya namna hiyo haiwezekani, basi hadithi nzima ni danganya toto ya Wajerumani. Injinia Isaac Lubbock alikuwa tayari amejaribu, humohumo Uingereza, injini ya petroli na oksijeni ya maji, lakini habari zake zilichelewa kufika kwenye meza zilizohitaji kuzisikia. Roketi halisi ya Wajerumani Wernher von Braun na Walter Dornberger ilitumia alkoholi na oksijeni ya maji, ilikuwa na uzito wa tani 13 hivi ikiwa imejaa, na ilikwisharuka kwa mafanikio Oktoba 3, 1942, kutoka ndani ya yale matuta ya duara yaliyomshangaza Babington Smith.

Juni 18, 1943, Jones alikuwa akipitia mwenyewe picha zilizopigwa siku sita kabla. Juu ya behewa la reli akaona kitu cheupe kama mcheduara, urefu wa mita kumi na ushei, kichwa butu upande mmoja na mapezi upande wa pili. Wasomaji rasmi walikuwa wamepita juu yake bila kukitaja. Picha za Juni 23 zilikuwa safi zaidi na zilionyesha viwili.

Juni 29 suala lilifika mbele ya Churchill. Cherwell alishikilia kwamba vitu vile vyeupe vimewekwa waziwazi makusudi ili vionekane. Jibu la Jones lilikuwa la kimantiki zaidi kuliko la kipicha, na kwa maoni ya safu hii ndilo lililobeba uzito wote. Ikiwa ni hila, alisema, basi matokeo ya hila ikifanikiwa ni sisi kuipiga mabomu Peenemünde. Nani anajitegea mabomu kwenye kituo chake halisi? Na kwamba kituo ni halisi, ushahidi ulitoka mahali pasipotarajiwa: waraka wa kikarani wa Wizara ya Anga ya Ujerumani kuhusu kuponi za petroli, uliotumwa kwa vituo vya majaribio. Vituo vilionekana kuorodheshwa kwa uzito wake, na Peenemünde ilikaa karibu kabisa na kileleni, nyuma ya Rechlin, kituo kikuu cha kujaribia ndege. Jasusi anaweza kununuliwa na picha inaweza kupambwa. Karani anayegawa kuponi hana muda wa kumdanganya adui.

Usiku wa Agosti 17 kuamkia 18, ndege 596 zilikwenda Peenemünde, na 40 hazikurudi. Walter Thiel, bingwa wa injini za roketi, aliuawa pamoja na familia yake. Alama za mwanzo za kuonyesha shabaha ziliangukia kusini mno, na mabomu mengi yakashukia kambi ya Trassenheide, walikolala wafanyakazi wa kigeni waliolazimishwa kazi. Walikufa mamia. Kati yao walikuwemo watu wa Luxembourg, taifa ambalo vijana wake waliopelekwa huko kwa nguvu walihatarisha shingo zao kupenyeza habari za kituo nje. Baada ya usiku ule, habari kutoka kambini zilikatika.

Kwenye orodha ya vitu ambavyo Waingereza walivipita pembeni kuna kinu kikubwa cha umeme cha makaa ya mawe. Wasomaji wa picha walikitazama mara nyingi, na kila mara hakikuwa na moshi. Wakaandika kwamba hakifanyi kazi. Kumbe kilikuwa na vichujio vya umeme vilivyonasa masizi ndani ya bomba, na kilikuwa kikiwaka usiku na mchana kutengeneza ile oksijeni ya maji.

Huku nyuma Jones alikuwa ametega mtego wa aina nyingine. Alijiuliza: Wajerumani wakirusha chombo juu ya Baltiki, watajuaje kimeangukia wapi? Lazima wakifuate kwa rada, na kazi hiyo watapewa mabingwa wao. Akaomba wasikilizaji wa redio waifuatilie kombania ya 14 ya kikosi cha majaribio ya mawasiliano ya anga cha Ujerumani. Vuli ya 1943 kombania hiyo ikahamia pwani ya Baltiki na kuanza kutuma vipimo vya safari za chombo fulani, kwa msimbo mwepesi usiostahili siri kama hiyo. London wakawa wanachora kwenye ramani, jaribio baada ya jaribio, pale chombo kilipotokea na pale kilipoangukia. Kilitokea sehemu mbili, na moja ilikuwa Peenemünde. Hii ilikuwa V-1, ndege-bomu isiyo na rubani, dada wa ile roketi.

Picha yake ilipatikana karibu kwa bahati. Novemba 28, 1943, rubani John Merifield alikwenda kupiga picha Berlin katika ndege ya Mosquito, akakuta mawingu, akageukia Baltiki. Babington Smith akazipokea. Kando ya uwanja wa ndege palikuwa na njia zilizoinuka mithili ya ngazi ya mashua, zikielekea baharini. Mtu aliyeulizwa mapema aliziona kama vifaa vya wachimba matope. Babington Smith akainamia lenzi yake. Juu ya njia moja kulikuwa na nukta yenye umbo la msalaba: ndege ndogo kabisa, pua ikitazama maji. Njia za namna hiyohiyo zilikuwa zikijengwa kaskazini mwa Ufaransa, na zile zilitazama London.

Roketi kubwa, hata hivyo, ilibaki bila mtambo wa kurushia. Baada ya mabomu ya Agosti, Wajerumani walihamishia majaribio Blizna, kusini mwa Polandi. Picha za huko za Mei 1944 zilionyesha msitu, vibanda na reli, lakini hakuna mzinga mkubwa wala reli iliyoinuliwa. Majeshi ya washirika yalipoingia Normandy, yalikuta mahali palipoandaliwa kwa ajili ya roketi: vibamba vya zege barabarani, chini ya miti, basi. Mateka walieleza kitu kilichowekwa juu ya zege, chuma chenye ncha katikati mfano wa kikamulio cha ndimu, cha kutawanya moto chini ya injini. Hapakuwa na mtambo. Roketi ilisimamishwa wima, ikajazwa mafuta, ikawashwa.

Jones akarudi kabatini. Katika ripoti za Peenemünde za mwaka uliotangulia, wasomaji wa picha walikuwa wameandika juu ya nguzo nene iliyosimama wima karibu na ufukwe, urefu wake futi 40. Waliipima vizuri. Wakaihesabu kama sehemu ya majengo, wakaendelea kutafuta mtambo.