Klinsmann alimtema Donovan, na ni kosa hadi leo

Jürgen Klinsmann, akiwa kocha wa Marekani, alikosea alipomtema Landon Donovan tarehe 22 Mei 2014, na muda uliopita haujaupunguzia uamuzi ule ubaya wake. Kambi ya Stanford ya kujiandaa na Kombe la Dunia ilikuwa na wachezaji 30. Saba walipaswa kurudi nyumbani. Miongoni mwa saba hao akamweka mfungaji bora wa Marekani, mwenye mabao 57, matano yakiwa ya Kombe la Dunia. Julian Green, kijana wa miaka 18 kutoka Bayern Munich, akapanda ndege ya Brazil.

Kocha alisema wengine walikuwa mbele ya Donovan kidogo. Mbele kwa lipi? Katika Gold Cup ya 2013 alifunga mabao matano, akatangazwa mchezaji bora, Marekani ikabeba kombe. Naamini hadi leo kwamba kosa lake lilikuwa mapumziko aliyojipa mapema mwaka ule.

Gharama ilianza kulipwa Natal. Jozy Altidore alichanika msuli wa paja dhidi ya Ghana hata nusu saa haijafika, na mechi zilizofuata Clint Dempsey akaachwa peke yake mbele. Kisha ikaja Salvador, 0-0 na Ubelgiji, dakika za majeruhi. Jermaine Jones anaugusa kwa kichwa, mpira unamkuta Chris Wondolowski hatua chache kutoka langoni. Anapaisha. Kumbuka Pretoria 2010, dakika ya 91 dhidi ya Algeria: Donovan alipokea mpira uliorushwa na Tim Howard, akaukokota, akaendelea kukimbia, na kipa alipoutema akawa yeye wa kuumalizia. Utulivu wa namna hiyo haupatikani kambini kwa wiki mbili.

Watetezi wa Klinsmann hunitajia bao la Green la dakika ya 107. Lilikuwa bao zuri, ila Ubelgiji walikwishapata mawili. Tena, kumchukua Green hakukulazimisha kumwacha Donovan. Kikosi kilikuwa na nafasi 23.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Klinsmann aliijua thamani ya mkongwe. Ufaransa 1998, kocha wa Ujerumani Berti Vogts alimwachia kitambaa cha unahodha akiwa na miaka 33, naye Klinsmann akafunga matatu, moja dhidi ya Marekani hiyohiyo. Mwaka 2006, akiwa kocha wa Ujerumani, alimpa Jens Lehmann lango, lakini Oliver Kahn hakumwacha nyumbani, na kabla ya penalti za Argentina Kahn ndiye aliyemfuata Lehmann kumpa mkono. Cameroon ya 1990 ilimtoa benchi Roger Milla, mzee wa miaka 38, akafunga manne na kuifikisha robo fainali. Bruce Arena alifika robo fainali 2002 kwa kuchanganya wakongwe na vijana, Donovan akiwa mmoja wa vijana hao.

Nakubali, nafasi ya tatu na Ujerumani 2006, na kulivuka na Marekani 2014 kundi la Ujerumani, Ureno na Ghana, ni kazi safi.

Lakini nimelisema mara nyingi: straika mwenye jina akipewa timu, mabao yake ya zamani humkinga na maswali. Bingwa wa dunia wa 1990, kipenzi cha Tottenham, mabao 47 ya taifa, nani angembana? Marekani ilingoja kumfuta kazi hadi kipigo cha 4-0 Costa Rica, Novemba 2016. Korea Kusini nayo ikamwamini, ikatolewa na Jordan nusu fainali ya Kombe la Asia bila shuti hata moja lililolenga lango. Chama kinachoajiri kocha kipime vikosi alivyochagua. Mabao aliyofunga hayamsaidii mchezaji yeyote aliye uwanjani leo.