Mbuzi na Basi

Mwalimu aliyenifundisha Kiingereza cha kwanza, katika shule ya kijijini Bungoma, alianza na mbuzi. Lugha yetu, Lubukusu, haina b ya kubana midomo inayosimama peke yake. Ile tunayoiandika b hupulizwa tu, midomo ikikaribiana bila kufumbana. Ndiyo maana "book" ilitutoka "pook" na watu wa mbali wakatucheka. Yeye hakucheka. Alituambia tuseme embusi, mbuzi wa nyumbani. Midomo ikafumba kwa m, ikafunguka kwa b kamili. "Tena! Sasa mezeni hiyo m." Tukaimeza, na "bus" ikatoka safi. Kwa g alimwita kuku: engokho, kisha "go". Hakusomea isimu. Aliyajua tu mafunzo ambayo midomo yetu ilikuwa imeshayapata kwa mama zetu.

Wakubwa walikuwa na mipango yao. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilisema mtoto aanze kwa lugha ya mama. Mwaka 1957 kituo maalumu cha Nairobi kikaanza mtindo wa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za Wahindi. Tume ya Ominde ikauunga mkono mwaka 1964. Kamati ya Gachathi, mwaka 1976, ikapendekeza lugha ya mama irudishwe katika madarasa matatu ya mwanzo. Kamba ilivutwa huku na huku, mbuzi wetu akabaki darasani.

Palikuwapo pia kibao cha kuning'inizwa shingoni mwa aliyeteleza akasema Lubukusu. Wapo wanaokisifu hadi leo. Mimi nakumbuka kilitufundisha kunyamaza, na aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote.

Kitale ni habari nyingine. Masetla walipoondoka, watu wa kila upande walikuja kununua mashamba Trans Nzoia, na sasa dawati moja hukaliwa na Mbukusu, Msabaoti, Mturkana na Mkikuyu. Embusi hamfai mwalimu wa huko. Rafiki yangu anayefundisha mjini hupitia Kiswahili: nyakati za Kiingereza zinazowatoa jasho hata watu wa sekondari, yeye huzifungua kwa "alikula" na "amekula". Aliyekula jana hana shida nawe; aliyekwisha kula sasa hivi usimpakulie. Watoto hushika papo hapo, maana ni jambo la sufuria.

Kinachomsumbua ni "he" na "she". Kiswahili humwita baba na mama kwa a- ileile, na Lubukusu vivyo hivyo, basi mama huitwa "he" mwaka mzima. Huwasimamisha mvulana na msichana mbele, darasa likawaonyesha kidole kwa zamu hadi koo zikauke. Siku moja mtoto alimwita ng'ombe "she". Kitabu kilitaka "it". Akaulizwa kwa nini, akajibu kwamba huyo anakamuliwa.

Mwalimu akampa alama.