Mjumbe wa Mzingile na Umbo la Safari ya Shujaa

Wanafunzi wetu wakiisha kumsoma Joseph Campbell huona shujaa kila mahali. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 Campbell alidai kwamba visasili vya mataifa mengi vina umbo moja: shujaa huondoka kwao, hupita majaribuni, kisha hurudi na tunu ya kuwafaa watu wake. Umbo hilo lavutia, nasi wahubiri hulipenda mno wakati wa Pasaka.

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alilivuruga. Baada ya Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), riwaya za kihalisia, alitoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambamo ni vigumu kujua tuko nchi gani wala mwaka gani. Katika Mzingile msimulizi yuko safarini kama shujaa yeyote, lakini haendi kutafuta tunu. Amebeba taarifa ya msiba: anakwenda kumwambia mzee mmoja kwamba mwanawe ameuawa. Msomaji Mkristo hakawii kumtambua mzee huyo, wala huyo mwana.

Wako watumishi wanaoiita kazi hii kufuru. Sikubaliani nao. Mwenye kukufuru hudhihaki. Hapa mimi nasikia maombolezo. Wala siwaungi mkono wanaotaka kumbatiza mjumbe huyu awe mfano wa Kristo, kana kwamba kila anayesafiri vitabuni ni Bwana wetu.

Luther, katika hoja zake za Heidelberg mwaka 1518, alitenga theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Kwa Campbell, kifo ni kituo cha njiani tu. Nami nilipata kuhubiri hivyo mazikoni: Yesu aliondoka, akateswa, akarudi mshindi. Mama wa marehemu aliniuliza baadaye, kwa upole, “Mchungaji, na huyu wangu atarudi lini?” Sikuwa na jibu, kwa maana Ijumaa Kuu nilikuwa nimeiruka. Kezilahabi haturuhusu kuiruka.

Udhaifu wake ni mwingine. Mafumbo yamesongamana hata watu wamekosa damu na nyama. Rosa nilimlilia, mjumbe huyu namfikiri tu, simlilii.

Hata hivyo, wanafunzi wa mwaka wa tatu wataisoma Mzingile kabla hatujafungua Wafilipi 2, si baada yake.