Mstari Ulioinuka

Siku hizi kila sarafu yenye mkwaruzo ina mtu anayeamini itamtajirisha. Picha zinazunguka WhatsApp, bei zinatajwa kwa mamilioni, na senti iliyolala miaka kwenye kopo la vifungo inatolewa na kuitwa "kosa la kiwandani". Nawahurumia wenye matumaini hayo. Sifa zangu, hata hivyo, ni kwa wale wachache wanaojua kuwaambia hapana, na kuwaeleza kwa nini.

Mjuzi wa kazi hii huanza na mtambo kabla ya sarafu. Sarafu huzaliwa pale kisahani cha madini kinapogongwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili ya chuma, huku pete ikizuia madini yasitanuke. Kosa la kweli lazima liwe na mahali lilipotokea katika hatua hizo. Muhuri ukipasuka, madini hujipenyeza kwenye ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Msumari na jembe huacha mstari uliozama. Ncha ya kidole humaliza nusu ya ubishi.

Kisahani kikikatwa vibaya, sarafu hutoka imemegeka pembeni kama mwezi mchanga. Hapo tazama upande unaoelekeana na pengo: mara nyingi ukingo wake ni hafifu, kwa kuwa ulipokuwa ukiinuliwa haukuwa na kitu cha kushindana nacho ng'ambo. Mwenye tupa hakumbuki kughushi upande huo.

Hapa Dodoma tuna kiwanda kingine cha "makosa", nacho ni reli. Waliokulia kando ya reli ya kati wanaijua raha ya kulaza senti juu ya chuma na kusubiri treni. Senti hiyo hutandazwa, herufi zikavutika kufuata mwendo wa gurudumu. Sarafu iliyokosa pete kiwandani nayo hupanuka, ila huenda pande zote, na maandishi ya katikati hubaki makali.

Reli hiyohiyo, iliyofika Dodoma 1910 na Tabora 1912, ndiyo iliyotuachia shule bora ya fani hii. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliotawala hapa, wakiwa wamezibiwa njia ya bahari na manowari za Waingereza, walipungukiwa na fedha. Wakageuza karakana ya reli karibu na Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Walipiga sarafu za heller 5, za heller 20 za shaba nyekundu na za shaba njano, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, zenye tembo mbele ya milima. Kazi ilidumu miezi michache tu. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji waliingia mjini.

Mihuri ilichongwa kwa mkono, ikachoka upesi. Heller 20 nyingi zina nyufa, taji lililofifia au picha iliyosogea kando. Ndiyo maana sarafu ya Tabora iliyo safi mno humtia shaka mjuzi, na ufa hugeuka kuwa ushahidi: wapenzi wa sarafu hizi wamezipanga kwa mihuri iliyozipiga, na unaweza kuona ufa uleule ukirefuka kutoka sarafu moja hadi nyingine.

Mghushi anayemwaga madini kwenye kalibu hunakili ufa pia, lakini hunakili na majeraha ya mtaani. Ukikuta heller mbili zenye kovu moja, mahali pamoja, kwa kina kimoja, angalau moja ni ya uongo, maana maisha hayajeruhi sarafu mbili kwa namna moja. Vitundu vidogo usoni na mshono ubavuni huongeza ushahidi. Kwa rupia 15, mizani huongea mapema: ya kweli ina gramu 7 na ushei, na kipenyo cha milimita 22.

Ninachokipenda katika ujuzi huu ni kwamba hauhitaji vifaa vya kifahari. Kioo cha kukuzia, mizani ya sonara na mwanga wa dirishani vinatosha.

Kama babu alikuachia heller, usiioshe kwa limau wala kuisugua kwa majivu. Utafuta uso wa sarafu na ushahidi wake. Na anayekuuzia akikataa uipime kwanza, usinunue.