Kusadikika: Serikali Tumeiona, Jembe Je?

Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, tunaonyeshwa dola kamili yenye mfalme, mawaziri na baraza. Siasa yake ya nje ni kichekesho kichungu: wajumbe sita wanatumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, na wakirudi na maarifa wanafungwa. Hapo mwandishi amewafichua watawala barabara.

Upungufu uko kwenye uchumi. Nani analima, nani anapanga bei? Sisi tunaokisoma Bariadi, penye pamba, hatuwezi kuliruka swali hilo. Ushirika ulipovunjwa mwaka 1976, mkulima alinyang'anywa chombo chake hadi sheria ya 1982. Karama anashinda shauri, lakini wafungwa wanafunguliwa kwa hisani ya mfalme. Raia hawakuamua lolote.