Jumba la Mawe Linauzwa

Tangazo la kuuza nyumba ni utungo kama utungo mwingine, na sioni kwa nini lisihakikiwe. Nililo nalo mbele yangu ni la jumba la karne ya 18 katika Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mtungaji ana jicho. Ameziona zidaka, safu juu ya safu ukutani, na nakshi za chokaa, akazisifu kwa haki. Kisha anahesabu starehe za kisasa: viyoyozi, maji moto, bwawa la kuogelea katikati ya kiwanda.

Hapo ndipo ninapoachana naye. Anaamini raha iliingia nyumbani humo pamoja na umeme. Kuta hizo nene za matumbawe zilijengwa kuzuia joto. Misana iliachwa wazi upande wa kiwanda ili ipate hewa na mwanga. Vyumba ni vyembamba kwa sababu dari nzito ya mawe inabebwa na boriti za mikoko, nazo haziwezi kuvuka nafasi pana. Hata birika la chooni lilifugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Yote haya tangazo linayaita "mazingira ya kale".

Majina nayo yamenikera. Ndani imekuwa "chumba kikuu cha kulala". Nyuma yake ipo nyumba ya kati, nayo imeandikwa kuwa "inafaa kwa stoo". Humo wanawake walijifungulia; humo maiti walioshwa. Wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro, ni "daraja la kuvutia". Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake aliyeolewa nyumba jirani, au akampandishia ghorofa, na wikio likawaunganisha wanawake wa nyumba mbili bila kushuka njiani. Mnunuzi ataipigia picha tu.

Sisemi nyumba zisiuzwe, wala sioni fahari katika kuchota maji kwa ndoo. Fedha za wageni zimesimamisha majumba ambayo warithi, wengi na wasioelewana, walikuwa wakiyatazama yakianguka. Lakini si kila ukarabati ni uokozi. Lipu ya chokaa hupumua. Ukiupaka ukuta wa matumbawe saruji, unyevu na chumvi hunaswa, na baada ya misimu michache lipu huvimba na kubanduka. Tangazo linajivunia ukuta "mpya kabisa", lisiseme umepakwa nini.

Lau ningekuwa mhariri wake, bwawa ningelishusha hadi mstari wa mwisho. Ningetaka kwanza kujua boriti zilibadilishwa lini, lipu ni ya chokaa au ya saruji, na kama birika bado lipo au limevunjwa kupisha bomba.