Jina Lililotoka Mtutuni

Kwa miaka mingi niliwasomesha wanachuo wa ualimu hapa Tabora kitabu cha Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Niliwasifia Kiswahili chake: sentensi fupi, hazina mapambo, kama mtu anayesimulia barazani. Sifa hiyo siiondoi. Mjerumani Heinrich Brode alipokichapisha mwaka 1902 na 1903, lugha yetu ilipata mojawapo ya tawasifu zake za mwanzo.

Siku moja mwanachuo akaniuliza, "Mwalimu, jina hilo alipewa na nani?" Nikamjibu kama mwenyewe alivyoeleza: ni mlio wa bunduki zake. Akasema, "Basi walimpa waliokuwa wakipigwa." Nikanyamaza.

Msomaji mpenzi, tuzitazame bunduki zenyewe. Nyingi katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji zilikuwa magobori, mengine masalio ya majeshi ya Ulaya yaliyokwisha pata silaha mpya. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, hufuata risasi, hushindiliwa kwa mdeki, kisha jiwe la gumegume au fataki huwasha. Mpigaji hodari hupata risasi mbili au tatu kwa dakika. Bunduki fupi ya Kimarekani iitwayo M3, ya mwaka 1942, iliyoundwa kwa bati la chuma lililokandamizwa kwa mashine, hutoa kama 450. Kumbe gobori moja si kitu. Yalitisha yakiwa mengi, na aliyekuwa na pembe za ndovu ndiye aliyeweza kuyanunua. Mirambo alilijua hilo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia mwaka 1871.

Hapo ndipo naiona kasoro ya kitabu. Mwandishi hupima pembe kwa frasila na kukumbuka faida yake. Waliouawa, wakitajwa, huwa idadi tu. Mlio tunausikia kutoka upande wa kitako, isipokuwa katika neno moja, ambalo ni jina lake. Neno hilo walilitunga waliokuwa upande wa mdomo, naye akalibeba kama nishani.

Wengi wetu hapa ni vitukuu vya wapagazi walioibeba baruti hiyo mabegani. Hatuwezi kusoma kama wageni. Lau ningerudi darasani, ningeanza na jina lililo jaladani, niwaulize wanachuo lilitoka kinywani mwa nani, ndipo tufungue ukurasa wa kwanza.